Salio la Umeme Liko Kwenye Mita, Si Kwenye Simu

Ukishuka feri Kamanga, ng'ambo ya jiji la Mwanza, jua likiwa kali, unatafuta soda baridi. Anayekuuzia ana friji, na friji ile inaishi kwa LUKU. Muulize amebakiwa na uniti ngapi: wengi watafungua simu wasome meseji ya mwisho ya manunuzi. Meseji ile ni risiti tu. Haijui friji imekula kiasi gani tangu jana. Ukishaingiza tokeni ya tarakimu 20, uniti zinakaa ndani ya mita na zinapunguzwa humo humo. Hata wakala aliyekuuzia hawezi kukuambia zimebaki ngapi. Namba fupi ya kuangalia salio kwenye mita inategemea aina ya mita. Waulize TANESCO namba fupi ya aina ya mita yako, uiandike ukutani. Kuibonyeza ni bure.

Kutobonyeza ndiko kunakogharimu, hasa kwa aliye kwenye kundi la bei la D1. Kundi hili ni la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja ni shilingi 100. Ukiweka kodi na tozo inafika 122. Kwenye T1, kundi la matumizi ya kawaida, uniti ni 292, na kwa kodi na tozo ni kama 356. Shilingi 9,150 zinampa mtu wa D1 uniti 75 kamili. Mtu wa T1 kwa pesa hiyo hiyo hapati hata 26. Ukivuka 75 ukiwa D1, kila uniti inayozidi ni 350 kabla ya kodi, na ukizidisha mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1. Tofauti hiyo inatafuna faida ya kreti nzima za soda.

Uniti 75 kwa siku 30 ni mbili na nusu kwa siku. Hicho ndicho kipimo.

Ng'ambo ya pili, upande wa jiji, kuna jambo jingine: nyumba ya kawaida hukatwa kodi ya jengo ya shilingi 1,500 kila mwezi kupitia LUKU. Ukinunua umeme wa 2,000 mwanzoni mwa mwezi, unabaki na 500 tu ya umeme. Wengi hudhani wameibiwa.

Kama friji yako ni ya biashara, soma mita leo saa mbili usiku, usome tena kesho saa ile ile, kisha utafute tofauti. Ikizidi uniti mbili na nusu, usipange bajeti ya mwezi kwa bei ya D1.