Asiyejua kutua asiruke

Vijana wetu wa mijini wamepata mchezo mpya. Wanaruka kuta, wanavuka mitaro na kupita juu ya mapaa, huku mwenzao akiwapiga picha kwa simu. Mchezo huo unaitwa pakuri. Wazee wengi wanauona ni wazimu. Lakini je, ni wazimu kweli?

Asili yake ni Ufaransa. Mwanzoni mwa karne ya 20, ofisa wa jeshi la majini, Georges Hébert, aliwafundisha askari kukimbia, kupanda, kuruka na kubeba, kwa kanuni kwamba mtu awe na nguvu ili awafae wenzake. Mazoezi ya namna hiyo aliyapata Raymond Belle, askari wa zimamoto wa Paris. Mwanawe, David Belle, na rafiki zake wa kitongoji cha Lisses wakayageuza kuwa mchezo. Mwaka 1997 kundi lao lilijiita Yamakasi, jina lililotokana na Kilingala, lugha ya jirani zetu wa Kongo, lenye maana ya nguvu. Uingereza iliutambua rasmi kuwa mchezo mwaka 2017.

Kwa hiyo wazimu haumo katika mchezo. Umo katika kuanzia juu ya paa.

Anayeanza hahitaji ghorofa. Uwanja unaomfaa anaweza kuupata hata Usinge, kituo cha reli ya kati kilichopo magharibi ya Tabora, katika wilaya ya Kaliua. Huko kuna ardhi tambarare, mchanga na magogo. Ni nchi ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na mizigo ya kilo 30 hivi. Mpagazi hakutosheka na kujua kujitwika. Ilimpasa ajue na kutua. Mrukaji naye ana mzigo, nao ni mwili wake mwenyewe.

Basi ajifunze kutua kwanza. Asimame juu ya gogo lisilozidi urefu wa goti, aruke chini kwa miguu miwili, atangulize sehemu ya mbele ya nyayo, akunje magoti na kiuno. Magoti yaelekee upande wa vidole, yasigongane. Sikio ndilo mwalimu: kishindo kikisikika, ametua vibaya. Arudie mpaka atue kama paka, siku baada ya siku, ndipo aongeze kimo kidogo.

Pili, ajifunze kubingirika juu ya nyasi au mchanga. Abingirike kwa mshazari, kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili, kidevu kikiwa kifuani. Asipitie kichwani wala juu ya uti wa mgongo.

Tatu, akague mahali. Aguse ukuta kama unatikisika, atazame misumari, vigae na tope. Baada ya mvua aahirishe. Asiende peke yake, na asiruke kwa sababu ya kushangiliwa. Relini na kwenye mabehewa si mahali pa mchezo.

Yote haya yana sababu. Usinge iko karibu kilomita 1,000 kwa reli kutoka Dar es Salaam, iliko taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Aliyevunjika uti wa mgongo huko ana safari ndefu mbele yake. Na hata aliyeanguka Kariakoo, hatari kubwa mara nyingi huletwa na wasamaria wanaomnyanyua kwa mikono na miguu na kumpakia kwenye bodaboda. Mtu akianguka, akalalamika shingo au mgongo, au akasema miguu imekufa ganzi, msimkalishe. Mmoja amshike kichwa kisigeuke, wengine watafute msaada. Ikilazimu kumhamisha, wamgeuze watu kadhaa kwa pamoja, kama gogo, wamlaze juu ya ubao au mlango.

Wazazi, kumfungia kijana ndani hakutamzuia. Ataruka mkiwa kazini. Afadhali mumwulize swali moja: umeshajua kutua? Akisema ndiyo, mwambieni awaonyeshe hapo uani, kutoka juu ya kigoda. Mkisikia kishindo, paa bado si lake.