Bunduki Kongwe Zinazojipakia: Mwongozo kwa Mnunuzi na Mtunzaji

Sehemu hii imeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, ambao wanakusudia kununua au wamerithi bunduki kongwe inayojipakia risasi yenyewe baada ya kila mfyatuo. Tumechukua M1 Garand kuwa mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa zinazotafutwa sana na wakusanyaji. Ilibuniwa na John C. Garand katika kiwanda cha silaha cha serikali kilichokuwa Springfield, Massachusetts. Jeshi liliikubali mwaka 1936, na zaidi ya milioni 5 zilitengenezwa hadi mwaka 1957.

1. Maana ya “silaha ya kale” kisheria

Wauzaji hulitumia neno “kale” kwa uhuru mkubwa. Sheria ya shirikisho, hata hivyo, huihesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo. Hakuna M1 iliyofikia umri huo. Kwa hiyo, anayeinunua kwa muuzaji mwenye leseni hana budi kujaza fomu na kuchunguzwa rekodi zake. Bunduki yenye umri wa miaka 50 au zaidi, iliyobaki katika umbo lake la asili, yaweza kuingia katika kundi la silaha za kumbukumbu, na mkusanyaji aweza kuiombea leseni maalumu. Leseni hiyo haimruhusu kufanya biashara ya silaha. Majimbo nayo huweka masharti yao.

Mkaazi wa kudumu anaweza kununua iwapo hana kizuizi kingine. Aliyeingia nchini kwa viza ya muda kwa kawaida amekatazwa kuwa na bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache. Akikiuka, huhatarisha uhuru wake na haki yake ya kubaki nchini. Aidha, bunduki au kipuri chake kisitiwe katika mzigo unaotumwa Afrika Mashariki bila vibali vya nchi inakotoka na vya nchi inakokwenda.

2. Kabla ya kulipa

Nyingi kati ya bunduki hizi zilifumuliwa na kuundwa upya katika karakana za jeshi, hivyo vipuri vyake huwa vya miaka na viwanda tofauti. Hilo si kasoro. Kasoro ni kutozwa bei ya bunduki yenye vipuri vyake vyote vya asili ilhali sivyo. Linganisha namba iliyochorwa nyuma ya mwili wa bunduki na tarehe iliyopigwa ubavuni mwa mtutu, kisha mtake muuzaji aandike madai yake kwenye stakabadhi.

Jambo la hatari zaidi ni mwili uliounganishwa. Baadhi ya bunduki zilikatwa vipande na kuuzwa kama vyuma chakavu, kisha watu wakaviunga vipande hivyo kwa kuchomelea. Bunduki ya namna hiyo yaweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Ukiona alama ya kuchomelea, au rangi ya chuma isiyolingana, usinunue. Kwa vyovyote vile, isifyatuliwe kabla fundi bunduki hajaipima, hasa nafasi iliyopo kati ya komeo na risasi iliyokaa chembani. Asiyetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia aligharimie pima hilo mapema.

3. Risasi na usafi

Risasi za kisasa za kuwindia, ingawa huingia chembani bila shida, aghalabu hutoa msukumo wa gesi unaozidi kiasi na kuupinda ufito unaoendesha mitambo. Tumia zilizoandikwa kuwa zinafaa kwa M1.

Risasi nyingi za kijeshi za zamani zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu na kuleta kutu kwa muda mfupi, na mafuta peke yake hayaiyeyushi. Siku hiyo hiyo, safisha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe kabisa, ndipo upake mafuta. Hakikisha kwanza kuwa chemba ni tupu, na ukinge kidole gumba, kwani komeo hurudi kwa nguvu.

Kitako cha mti kipakwe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Kisipigwe msasa, kwa kuwa alama za ukaguzi zikifutika thamani hushuka. Bunduki isihifadhiwe kwa muda mrefu ndani ya mfuko wa ngozi, ambao hutunza unyevu. Ifungiwe kabatini, nazo risasi zifungiwe mahali pengine.

4. Ukiona umedanganywa

Usiifyatue wala kuifanyia matengenezo bunduki hiyo. Hifadhi stakabadhi, tangazo la mauzo na picha, pata maoni ya fundi kwa maandishi, kisha uwasilishe malalamiko kwa ofisi ya kulinda walaji ya jimbo lako.