Msokoto wa Kitanda cha Chuma

Msomaji wetu mmoja wa Garissa ameleta swali fupi. Amenunua mashine ndogo ya kukereza chuma, ile ambayo mafundi huiita lethi, akaifunga kwa bolti juu ya meza katika kibanda chake cha jua kali. Wateja wapo. Pampu za dizeli zinazovuta maji ya Mto Tana kwenda kwenye mashamba ya ndizi, maembe na matikiti hula shafti na bushi mwaka mzima, na mwenye shamba hataki kusubiri kipuri kitoke Nairobi, kilomita 370 hivi, huku nyanya zikinyauka. Taabu yake ni kwamba kila shafti anayoikereza hutoka nyembamba upande wa kichwa cha mashine, penye taya zinazokamata chuma, na nene upande wa mkia. Anauliza: nimeuziwa mashine mbovu?

Huenda mashine ni nzima. Kunoa kisu na kubadilisha mikanda sitaeleza. Fundi yeyote wa mtaani atamwonyesha kwa asubuhi moja. Mimi nakwenda moja kwa moja kwenye miguu ya mashine, maana humo mna jiometri tamu ambayo watu wachache huihadithia.

Kwanza tujue kazi inadai nini. Beringi namba 6205 ina tundu la milimita 25. Ili ishike bila kucheza, kipimo kinachotumika mara nyingi kinataka shafti izidi milimita 25 kwa mikroni 2 hadi 15, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo fundi ameachiwa nafasi ya mikroni 13 tu. Karatasi ya daftari ina unene wa mikroni 100 hivi.

Sasa tuingie kitandani, maana chuma kile kirefu ambacho kigari cha kisu huteleza juu yake ndicho kitanda cha mashine. Chukua kitanda cha kamba, ukiweke uani penye mchanga usio sawa. Mguu mmoja wa upande wa miguuni unaning'inia, kitanda kinayumba. Wakiketi watu watatu kunywa chai, kinatulia. Miguu yote minne imegusa chini. Lakini mchanga haukusogea kumfuata mtu. Kilichokubali ni kitanda: mchagoni kumebaki sawa, miguuni kumelala upande. Mtoto akitambaa juu yake kutoka mchagoni, atainama kidogo kidogo bila kujua, na kofia yake itahama kwenda pembeni zaidi kuliko magoti yake, kwa sababu kofia iko juu zaidi. Wakiondoka wanywa chai, kitanda kinarudi kuyumba, wala hakuna kiungo kilichovunjika.

Bolti za mashine ndizo wanywa chai hao. Kigari ni yule mtoto, na ncha ya kisu ni kofia. Kosa hili naliita msokoto, si mpindo, kwa kuwa chuma hakikujikunja kama upinde. Ncha zake mbili zimegeuzwa kinyume, kama kamba inaposokotwa.

Tupige hesabu. Tuseme mhimili wa mashine, yaani mstari ambao chuma huuzunguka, uko milimita 90 juu ya kitanda, nayo miguu ya mbele na ya nyuma imeachana milimita 90 vilevile. Mguu wa mbele upande wa mkia ukiwa chini kwa unene wa karatasi moja, kisu kikifika huko kitakuwa kimerudi nyuma mikroni 100 kutoka kwenye chuma. Na kwa kuwa chuma kinazunguka, upungufu huo unahesabiwa pande zote mbili: kipenyo kinazidi kwa mikroni 200. Ile nafasi ya 13 imepitwa mara 15, na iliyofanya hayo ni karatasi moja!

Wengi hapa hukimbilia pimamaji. Lakini mashine haidai kulala sawasawa na maji. Melini zimo mashine za kukereza, na bahari haijawahi kutulia kwa ajili yake. Inachodai mashine ni kutosokotwa. Pimamaji ya mwashi huona mteremko wa nusu milimita kwa mita, si chini sana ya hapo. Kwa upana wetu hiyo ni mikroni 45, na kwenye kipenyo ni 90.

Basi acha chuma chenyewe kiseme. Kamata chuma cha milimita 30 kwa taya, kitokeze milimita 150, mkia usikiguse. Kipunguze katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na taya na nyingine mwishoni. Kwa kisu kikali, pitia pete zote mbili kwa mkato mwembamba mmoja bila kugusa mpangilio, kisha zipime. Pete ya mbali ikiwa nene, inua mguu wa mbele wa upande wa mkia. Ikiwa nyembamba, inua wa nyuma. Kwa vipimo vyetu, chini ya mguu anza na kipachiko chenye unene wa nusu ya tofauti ya pete, ukiongeze ikibidi, kwa kuwa pete hazifiki hadi kwenye miguu ya mkia. Bati la kopo la soda lina mikroni 100 hivi, na karatasi ya alumini ya jikoni kama 16. Kaza bolti, kata tena, pima tena.

Usitumie chuma chembamba. Ugumu wa fimbo dhidi ya kupinda hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne, hivyo chuma cha milimita 12 hukikwepa kisu karibu mara 40 kuliko cha 30, nawe utaulaumu msokoto usiokuwapo. Msokoto nao si kosa pekee: kichwa chenyewe kinaweza kuwa kimekaa upande, na kitanda kikuukuu huwa kimelika; rudia jaribio kila meza inapohamishwa, na ufute mchanga kitandani.

Na joto je? Tangu 1931 vipimo vya viwandani duniani huhesabiwa kwa nyuzi 20, joto ambalo kibanda cha Garissa hakilioni mchana. Shafti ya milimita 25 ikitoka kwenye kisu na nyuzi 80, ikapoa hadi 35, hunywea kwa mikroni 13 na nusu: nafasi yote ya beringi. Kwa hiyo shafti ya mteja ingoje ipoe kabla ya kuipima. Pete mbili za jaribio nazo zipoe pamoja, kisha joto la siku halina neno, kwa sababu zote ni chuma kilekile katika hewa ileile. Hata maikromita iliyopoteza sifuri yake itafaa, maana kosa lake litaingia kwenye pete zote mbili kwa kiasi kimoja na kujifuta katika kutoa. Ndugu yetu asitafute fedha za mashine kubwa zaidi. Anunue maikromita ya milimita 25 hadi 50, hata iliyotumika, aanze na miguu.