Kuizuru Nyumba ya Kale: Tembe la Kwihara

Watu wengi wakiingia katika nyumba ya kale iliyowekwa kuwa makumbusho huuliza neno moja tu: "Nani alikaa hapa?" Wakiisha kujibiwa, hutosheka na kwenda zao. Swali hilo si baya, ila halitoshi. Natutazame nyumba moja, tupate kuona maswali mengine yampasayo mgeni.

Kwihara ni kijiji kilicho karibu na mji wa Tabora, katika Tanzania. Hapo pana tembe linalojulikana kwa jina la Daktari Livingstone. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo, na paa lake ni la kulala: miti hupangwa juu ya kuta, kisha hufunikwa kwa udongo. Kuta hizo huzuia joto la mchana, na vyumba huuzunguka ua wa ndani, ambamo watu na mali huweza kulindwa. Lakini tembe lionekanalo leo limejengwa upya. Basi swali la kwanza ni hili: Kipi ni cha kale, na kipi kimetengenezwa baadaye?

Swali la pili: Kwa nini nyumba ilijengwa mahali hapa? Ili kulijibu, toka nje ukatazame uwanja na njia. Nchi hii ya Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Watu waliotoka Bagamoyo walipumzika hapa, kisha wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine njia ya kaskazini. Njia hizo zilipitisha nguo na pembe za ndovu, na pia watumwa. Mgeni asiyeijua habari hiyo ameona kuta tu.

Swali la tatu ndilo kubwa: Nani wengine walikuwapo? Livingstone na Stanley walifika Kwihara Februari 1872, wakitoka Ujiji. Mwezi wa Machi Stanley alikwenda pwani, naye Livingstone akangoja watu na vyakula hata Agosti. Alipoondoka alifuatana na wapagazi na watumishi, miongoni mwao Susi, Chuma na Jacob Wainwright. Tarehe 1 Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia.

Watu wake wangaliweza kumzika palepale na kurudi makwao. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Na kweli, mbele walizuiliwa na wenyeji walioogopa maiti. Wakafanya hila: walirudisha mzigo wa uongo kana kwamba ndio maiti, na mwili wenyewe wakaufunga mfano wa robota la nguo. Februari 1874 walifika Bagamoyo, baada ya mwendo wa miezi 9. Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob Wainwright alikuwapo mazikoni.

Nyumba yaitwa kwa jina la mmoja, lakini neno kubwa lililoamuliwa huko Unyanyembe liliamuliwa na watu wasio na nyumba yenye majina yao. Kama hatuwaulizii, watasahauliwa mara ya pili.

Basi ukiizuru nyumba ya kale yo yote, usione haya kumwuliza mlinzi: Nani aliyejenga? Nani aliyepika, aliyechota maji, aliyebeba? Na kama huna nauli ya kwenda Tabora, anza kwa gofu lililo katika kijiji chako, nawe uyaandike majibu ya wazee maadamu wangali hai.