Kozi ya chuo huchaguliwa kwa bei ya leo, huvunwa kwa bei ya kesho

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mjadala ule ule huanza katika nyumba nyingi za wakulima na wafanyabiashara wadogo: kijana asome nini? Kwa familia inayotegemea ekari tatu au meza ya sokoni, hilo si suala la kijana peke yake. Nauli, chakula na sehemu ya ada vitatoka kwenye magunia yale yale ambayo yangenunua mbegu na mbolea ya msimu ujao.

Mara nyingi jibu hutafutwa kwa jirani. Mtoto wa fulani alisomea ualimu akaajiriwa, basi na wetu asomee ualimu.

Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, wanaujua mchezo huo. Bei ikipanda msimu mmoja, kila mwenye zamu ya maji ya mfereji hupanda vitunguu. Miezi michache baadaye wote huvuna kwa pamoja, na lumbesa huondoka kwa bei ya kutupa. Kosa lao si kupanda vitunguu, bali kupanda kwa kutazama bei ya siku ya kupanda.

Katika masomo, kati ya kupanda na kuvuna kuna miaka mitatu hadi mitano. Mwaka 1976, mchumi wa Marekani Richard Freeman alichapisha utafiti kuhusu wahandisi wa nchi hiyo. Mishahara ilipokuwa minono, vijana walifurika kwenye fani. Walipohitimu soko likajaa na mishahara ikadorora, waliofuata wakaikimbia, nayo fani ikaadimika tena.

Hapa Tanzania yalitokea kwa walimu. Kuanzia mwaka 2004, chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, shule za kata zilijengwa kwa kasi na walimu hawakutosha. Mwaka 2005 vikaanzishwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwenye shahada ya ualimu siku zile hakuzunguka na bahasha. Wengi wakaingia. Mwaka 2016, serikali iliposimamisha ajira mpya kwa muda ili kuhakiki watumishi, foleni ilikuwa tayari ndefu, hasa ya walimu wa masomo ya sanaa. Walimu wa fizikia na hisabati waliendelea kutafutwa. Shahada ni ile ile ya ualimu, lakini somo ndilo lililoamua.

Kwa hiyo jina la kozi peke yake halitoshi. Swali la msingi ni hili: ajira ya serikali isipopatikana, mhitimu atauza nini, na nani atamlipa?

Tiba ya mifugo, kwa mfano, husomwa miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ni mingi. Lakini Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtaka daktari awe amesajiliwa, hivyo si kila mtu anaweza kuingia kazini, na mfugaji mwenye ng'ombe wa maziwa anayeumwa hasubiri tangazo la ajira.

Shahada ya kilimo nayo isisifiwe kupita kiasi. Wazazi wengi humpeleka mtoto chuo ili aliache jembe, na kusikia anarudi kulisomea huwaudhi. Wana hoja kiasi fulani. Mhitimu asiye na mtaji hushindania kazi ya duka la pembejeo na mwenye stashahada ya Uyole au Ilonga, ambaye hudai mshahara mdogo na pengine anajua zaidi kupogoa nyanya. Kuanza na stashahada, kisha kujiendeleza, si aibu.

Deni nalo lihesabiwe mapema. Marejesho ya mkopo wa Bodi ya Mikopo yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Sheria iliporekebishwa mwaka 2016 yakawa asilimia 15. Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, hizo ni shilingi 120,000 kila mwezi. Nafuu ni kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Hata hivyo, aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa.

Kabla ya kujaza fomu, ni vema kijana awatafute watatu waliomaliza kozi hiyo miaka miwili iliyopita, si miaka kumi, awaulize wanakula nini. Nauli ya safari hiyo ni ndogo kuliko ada ya muhula mmoja.

Lakini kwa wengine kidato cha sita ni kuchelewa. Aliyesoma historia, jiografia na Kiswahili hawezi kuomba tiba ya mifugo, hata mzazi auze ng'ombe wote. Mlango huo ulifungwa alipochagua tahasusi ya kidato cha tano. Mwenye mtoto kidato cha nne sasa hivi, mazungumzo hayo ni ya mwaka huu.