Kwa nini Paul Skenes aliwekwa Indianapolis hadi Mei

Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea kumwona kijana wa miaka 17 akiitwa kutoka timu ya vijana na kuingizwa dakika ya 80, kwa sababu tu kocha amempenda mazoezini. Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Kijana akisajiliwa hupelekwa ligi ndogo, na huko kuna ngazi za kupanda: Single-A, High-A, Double-A, kisha Triple-A, ambayo ndiyo mlango wa ligi kuu. Kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ina timu zake za ngazi hizo, nyingi zikiwa katika miji midogo, na wengi wanaoianza safari hiyo hawafiki juu.

Ndiyo maana ninaulizwa mara kwa mara kuhusu mrushaji Paul Skenes. Pittsburgh Pirates walimchagua wa kwanza kabisa Julai 2023, akitoka Chuo Kikuu cha Louisiana State, wakamlipa dola milioni 9.2 za kusaini. Msimu wa 2024 ulipoanza wakampeleka Indianapolis, kwenye timu yao ya Triple-A. Huko alianza mechi 7. Kwa kila awamu 9 za mchezo, wapinzani waliambulia kwa wastani chini ya mkimbio mmoja, naye aliwatoa wapigaji 45 katika awamu 27 na kidogo. Mwenye macho haambiwi tazama. Sasa kwa nini alingoja hadi Mei?

Kuna mkono na kuna kalenda.

Nianze na mkono, kwa sababu hoja yake ni ya kweli na wengi huidharau. Mrushaji husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kasi ya Skenes hufika chini ya nusu sekunde. Nguvu hiyo yote hupita kwenye kiwiko, na upande wa ndani wa kiwiko kuna kano nyembamba inayoshikanisha mifupa. Kano hiyo ikikatika, hakuna kurusha tena hadi ifanyiwe upasuaji. Daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974, akachukua kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji Tommy John na kuifunga kwenye kiwiko cha mkono wa pili. John alirudi uwanjani mwaka 1976 na akacheza hadi 1989, na upasuaji huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Lakini kupona huchukua zaidi ya mwaka, na si kila anayefanyiwa hurudi alivyokuwa.

Washington Nationals walilipata somo hilo kwa uchungu. Stephen Strasburg alipanda ligi kuu tarehe 8 Juni 2010 na siku hiyo hiyo akawatoa wapigaji 14, tena wa Pirates. Kabla msimu haujaisha alikuwa amelazwa kufanyiwa upasuaji wa Tommy John. Tangu hapo klabu huhesabu mipira ya chipukizi mmoja mmoja. Skenes naye aliwekewa kikomo Indianapolis, akaongezewa mzigo polepole, na Pirates wakasema hiyo ndiyo sababu ya kungoja. Sina shaka kwamba ilikuwa sababu mojawapo.

Kalenda ndiyo inayofichwa. Msimu wa ligi kuu una siku kama 187. Mchezaji akikaa kwenye kikosi cha ligi kuu siku 172, anahesabiwa mwaka mmoja wa utumishi. Akifikisha miaka 6 anakuwa mchezaji huru, anaweza kwenda kwa yeyote atakayemlipa vizuri. Kabla ya hapo amefungwa kwa klabu yake. Kwa kawaida, miaka 3 ya kwanza klabu humlipa inavyotaka, mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000. Baadaye hupata haki ya usuluhishi wa mishahara, na hapo malipo huanza kufuata uwezo wake.

Piga hesabu mwenyewe. Klabu ikimchelewesha kijana wiki mbili tatu mwanzoni mwa msimu, hafikishi siku 172. Mwaka ule hauhesabiwi, na klabu inabaki naye msimu mmoja zaidi mwishoni, akiwa katika ubora wake. Chicago Cubs walifanya hivyo na Kris Bryant mwaka 2015. Yeye ni mpigaji, si mrushaji, lakini kanuni ni ile ile. Alipiga hom-rani 9 katika mechi za maandalizi, akarudishwa ligi ndogo, akapandishwa tarehe 17 Aprili, na msimu ukaisha akiwa na siku 171. Siku moja! Chama cha wachezaji kilimpelekea msuluhishi malalamiko yake, na mwaka 2020 Bryant akashindwa.

Makubaliano mapya ya mwaka 2022 kati ya klabu na chama hicho yakajaribu kuziba tundu hilo. Chipukizi akimaliza wa kwanza au wa pili katika kura za chipukizi bora wa mwaka, anapewa mwaka mzima wa utumishi hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Na klabu inayompandisha chipukizi wa daraja la juu mapema, naye akashinda kura hizo, inazawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua kijana mwingine. Seattle Mariners walimwanzisha Julio Rodríguez siku ya kwanza ya msimu wa 2022, akashinda, nao wakapewa nafasi yao.

Skenes aliitwa tarehe 11 Mei 2024, dhidi ya Cubs, pale PNC Park. Alirusha mipira 84, na 17 kati ya hiyo ilifika maili 100 kwa saa au kuzidi, yaani kilomita 161. Aliwatoa wapigaji 7. Siku sita baadaye, Wrigley Field, alirusha awamu 6 bila Cubs kupata hata pigo moja salama. Julai akaanzishwa kwenye mechi ya nyota wote, na mwishoni akawa chipukizi bora wa Ligi ya Taifa. Mwaka wake ukahesabiwa mzima. Kwa upande wa kalenda, kungoja hakukuwaongezea Pirates chochote, ila kuliwanyima mashabiki mechi kadhaa za mrushaji bora waliyempata kwa miaka mingi.

Kuharakisha nako kuna madhara yake. Mwaka 1973 Texas Rangers walimchagua David Clyde, mvulana wa miaka 18 aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari Houston. Klabu haikuwa na watazamaji, na mwenye timu, Bob Short, alihitaji tiketi ziuzwe. Tarehe 27 Juni Clyde akasimama kurusha mbele ya watu 35,698, uwanja ukajaa pomoni kwa mara ya kwanza. Alishinda mechi hiyo. Mpango ulikuwa aanze mechi mbili kisha ashuke ligi ndogo kujifunza kazi, na kocha Whitey Herzog alitaka iwe hivyo. Short akamng'ang'ania kwa sababu ya mapato ya mlangoni. Mkono na moyo vikachoka. Alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi kuu akiwa na miaka 24, ameshinda 18 na kupoteza 33, na alikosa pensheni ya ligi kwa siku 37.

Kwangu Short na klabu inayochezea siku 172 wana kosa moja. Wote wawili wanamtumia kijana kwa hesabu isiyomhusu. Mrushaji apandishwe anapojua kazi na mkono wake umezoea mzigo, na tarehe isiwe na faida kwa mtu yeyote. Kanuni ya 2022 imewasaidia wachache wanaoongoza kura. Anayemaliza wa tatu bado anaweza kupoteza mwaka wake.

Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu jambo hili limeshafika kwetu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu, aliingia mwaka 2017 akiwa na Pirates hao hao. Los Angeles Dodgers wamesajili vijana wa Uganda, na Pirates wana mrushaji Mganda, David Matoma, katika timu zao za chini. Hawa hawaanzi na milioni 9.2. Kwa kijana wa namna hiyo, ngazi moja inabadilisha maisha ya ukoo mzima: hata baada ya makubaliano ya wachezaji wa ligi ndogo ya 2023, kima cha chini cha Triple-A kilipanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 tu kwa mwaka.

Basi mzazi au mjomba ambaye kijana wake anafuatwa na maskauti huko Lugazi au Kampala, kabla ya kuweka saini ulizia mambo mawili: ni nani atakayehesabu mipira yake, na ni lini siku zake zitaanza kuhesabiwa. Majibu yake yapate kwa maandishi.