Nyuki Ndani ya Maiki

Muhula uliopita nilijitolea kumrekodia mwenzetu asiyeona muhtasari wa mada tano za saikolojia ya elimu. Wiki mbili kabla ya UE nikampa faili zote kwenye flashi, nikijiona nimetenda jambo. Kesho yake akaniita chini ya mwembe. "Dada angu, nashukuru sana. Ila mada ya tatu na ya nne nimesikia nyuki tu."

Nilicheka, kisha aibu ikanishika. Mimi nisipoelewa rekodi nafungua kitabu. Yeye ile rekodi ndiyo kitabu chenyewe. Tena sisi wa elimu tumefundishwa kwamba kelele ni kikwazo cha mawasiliano. Claude Shannon aliiweka kwenye mchoro wake tangu 1948. Nimejibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama. Kumbe kwenye geto langu mwenyewe, huku Sahare, nilikuwa naizalisha.

Basi nikaamua kumtafuta nyuki. Niliyojifunza nayaandika hapa, maana najua wengi mnarekodi mazoezi ya kufundisha au mnahudhuria vipindi vya mtandaoni, na kila mara kuna anayeambiwa, "Zima maiki yako!"

Kwanza ujue kelele iko upande gani. Cheza rekodi yako kwenye simu ya mtu mwingine. Ikiwa safi huko, shida ni hedifoni zako au tundu lake. Nyuki akisikika na huko, basi aliingia wakati wa kurekodi. Wangu alisikika. Kuanzia hapo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, urekodi sekunde kumi, usikilize. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Pili, isikilize kelele yenyewe, kwa sababu kila moja ina kwao.

Mngurumo mzito usiokatika, "vvvvv", kwa kawaida ni umeme wa ukutani. Umeme wetu ni volti 230 na unageuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde; mtikisiko huo ukipenya kwenye waya wa maiki, unausikia. Jaribio lake ni rahisi mno: chomoa chaja, kompyuta itumie betri. Mimi nilipochomoa, nyuki alinyamaza palepale. Chaja yangu ina pini mbili, soketi zetu zina matundu matatu, na mnajua wenyewe tunavyofanya: unachokonoa tundu la juu kwa kalamu mpaka pini ziingie. Lile tundu la juu ndilo la waya wa ardhini. Pasipo waya huo, umeme kidogo unaovuja kwenye chaja hauna pa kwenda, unaishia kwenye bodi ya kompyuta na kwenye maiki. Ndiyo maana wakati mwingine ukigusa bodi ya chuma vidole vinawashawasha. Dawa: jaza betri kwanza, chomoa, ndipo urekodi. Au tafuta chaja ya pini tatu, kwenye soketi yenye waya wa ardhini kweli. Na kile kijiti, jamani, tuache. Siku moja mtu atachukua cha chuma.

Mchakacho wa "ssss", kama mvua ya mbali, mara nyingi unatokana na kukuza maiki kupita kiasi. Kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta nyingi kuna sehemu ya kuongeza nguvu ya maiki, hadi desibeli 20 au 30. Desibeli 20 maana yake ukubwa wa wimbi la sauti unakuzwa mara 10, na kelele ya ndani ya kompyuta inakuzwa pamoja nao. Ishushe, kisha sogea wewe. Maiki ikitoka sentimita 40 kuja 20 kutoka mdomoni, sauti yako inaongezeka karibu mara mbili na ule mchakacho unabaki ulivyo. Iweke pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige.

Kukwaruza na kukatikakatika ukigusa waya ni pini. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Nilipoichunguza pini yangu, ilikuwa na madoa ya kijani. Zima kompyuta, futa pini kwa kitambaa kikavu chenye spirit kidogo, iache ikauke. Ukiikuta na mistari mitatu myeusi, ni pini ya sauti na maiki kwa pamoja. Kwenye kompyuta yenye matundu mawili tofauti, itahitaji kigawanyio. Bila hicho unaweza kudhani unarekodi kwa maiki ya hedifoni, kumbe inarekodi ile ya ndani, jirani kabisa na feni. Igonge maiki yako kwa kidole. Usiposikia mgongo mkali kwenye rekodi, siyo hiyo inayofanya kazi.

"Ti-ti-tit, ti-ti-tit" ni simu inayotafuta mtandao karibu na waya. Isogeze mbali au iweke hali ya ndege.

Na wale wa Bluetooth: maiki ikiwashwa, hedifoni nyingi hushusha ubora wa sauti ili zisikie na kusema kwa wakati mmoja. Hazijaharibika. Tumia maiki nyingine, ubora utarudi.

Kilichobaki ni chumba. Feni ya juu, bati, kunguru. Nilirekodi upya alfajiri, kabla kunguru hawajaamka, feni imezimwa, godoro limeegemezwa ukutani na kanga mbili dirishani. Jasho la kaskazi lilinitoka, lakini mada zote mbili ziliisha kwa siku tatu, na siku nane zilikuwa bado mbele yetu.

Alisikiliza, akanipigia: "Nyuki wamehama. Ila mada ya nne kuna kunguru mmoja." Nikamuuliza kama nirudie. Akasema aache tu, humsaidia kukumbuka pale ilipo hoja ya Vygotsky.

Ukiwa na kompyuta na saa moja ya utulivu, muulize jirani yako darasani kama kuna anachohitaji kusomewa. Ila kabla ya kumpa, sikiliza mwenyewe hadi mwisho. Mimi ningefanya hivyo mwanzoni, asingepoteza siku hata moja.